Kabla ya Kulipia Toleo Jipya la Windows kwa Bei ya Punguzo

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Tangu hapo wamiliki wengi wa kompyuta wamejikuta mbele ya swali moja: je, walipie toleo jipya, yaani Windows 11, au wabaki walipo? Swali hilo huja pamoja na haraka, kwa kuwa penye tarehe ya mwisho hapakosi tangazo la punguzo.

Makala haya yanamsaidia mlaji kuamua. Hatusemi kwamba kila punguzo ni hila; yapo mapunguzo ya haki, na tutayaeleza. Tunachosisitiza ni kwamba mlaji asianze kwa kuuliza bei imeshuka kiasi gani. Aanze kwa kuuliza kinachouzwa ni nini, na kama kina bei kwake.

Ili maelezo yasielee, tutatumia mfano wa kutungwa wa mlaji anayeishi Ikonda, wilayani Makete, mkoani Njombe. Ana duka dogo la steshenari karibu na Hospitali ya Consolata Ikonda, ambayo hupokea wagonjwa kutoka mikoa mingi. Ndugu wa wagonjwa humwendea kutoa nakala za vitambulisho, kuchapa barua na kuskani vyeti. Anatumia kompyuta mpakato moja ya mtumba yenye Windows 10. Siku moja anatumiwa tangazo kwenye simu kutoka duka lililoko Makambako: “Windows 11 Pro, leseni ya kudumu. Ilikuwa Sh. 150,000, sasa Sh. 40,000. Wiki hii tu.” Je, apande gari kwenda Makambako?

Vitu vitatu ndani ya bei moja

Mlaji anapoambiwa “nakuwekea Windows mpya kwa Sh. 40,000”, mara nyingi anauziwa vitu vitatu vilivyofungwa pamoja.

Cha kwanza ni toleo lenyewe, yaani programu inayoingizwa kwenye kompyuta. Cha pili ni leseni, yaani ruhusa ya kisheria ya kuitumia programu hiyo. Cha tatu ni kazi ya fundi: muda wake, ujuzi wake na bando alilotumia kupakua.

Tofauti hii ni kama ile ya gari, kadi ya gari na dereva. Gari lisilo na kadi linaweza kuwashwa na kwenda, lakini siku ya ukaguzi haliwi lako. Vivyo hivyo, kompyuta inaweza kuwaka ikiwa na Windows 11 bila mwenye nayo kuwa na leseni halali. Kwa hiyo mtake muuzaji atenganishe bei: leseni kiasi gani, ufundi kiasi gani. Muuzaji mwaminifu hatapata shida kujibu. Asiyeweza kutenganisha, huenda leseni haimo kabisa katika anachokiuza.

Je, toleo hilo lina bei kwako?

Hili ndilo jambo ambalo matangazo mengi hayalisemi. Kompyuta yenye leseni halali ya Windows 10, iliyotimiza masharti ya kiufundi, hupandishwa kwenda Windows 11 bila malipo yoyote kwa Microsoft. Ndivyo ilivyokuwa tangu Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021. Aliyekuwa na Windows 10 Home hupata Windows 11 Home. Aliyekuwa na Windows 10 Pro hupata Windows 11 Pro.

Kwa mlaji wa aina hiyo, “punguzo” la leseni ni punguzo la kitu ambacho hakimgharimu chochote. Anachohitaji kulipia ni bando na, kama hawezi kufanya mwenyewe, ufundi. Faili la Windows 11 lina ukubwa wa zaidi ya GB 5. Kulipakua kwa bando la simu ni gharama ya kweli, na kumlipa fundi aliyekwisha kulipakua kutoka ukurasa rasmi wa Microsoft ni jambo la haki. Lakini hayo ni malipo ya kazi, nayo yaitwe hivyo kwenye risiti.

Tangazo la mfano wetu linataja “Pro”. Hapa pia panahitaji utulivu. Pro huongeza vitu kama kuifunga diski nzima kwa usimbaji wa BitLocker unaosimamiwa na mwenye kompyuta, kuiunganisha kompyuta na mtandao wa taasisi, na kuiongoza kompyuta hiyo kutoka kompyuta nyingine. Ofisi yenye kompyuta nyingi inaweza kuvihitaji. Mwenye steshenari anayechapa, kuskani na kutuma barua pepe hatendi kazi yoyote inayoshindikana kwenye Home. Kitu usichokihitaji hakiwi nafuu kwa kushushwa bei.

Kanuni hii inahusu vifaa vingine pia. Masasisho ya mfumo endeshi kwenye simu za Android na iPhone hutolewa bila malipo na watengenezaji, na kompyuta za Apple zimepata matoleo mapya ya mfumo wao bila malipo tangu mwaka 2013. Anayekutoza “leseni” kwa kusasisha simu anakutoza kitu kisichokuwepo.

Je, kompyuta yako inalikubali?

Windows 11 ina masharti ambayo kompyuta nyingi za zamani haziyatimizi. Inahitaji RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski isiyopungua GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida orodha hiyo huanzia kizazi cha 8, ambacho kilianza kutoka mwaka 2017.

Microsoft hutoa bila malipo programu ndogo iitwayo PC Health Check, ambayo hukagua kompyuta na kukueleza kama inafaa, na kama haifai, kwa sababu gani. Ifanye hatua hii kabla ya kusafiri na kabla ya kutoa fedha. Jibu likiwa kwamba TPM haikuonekana, usikate tamaa mara moja: katika baadhi ya kompyuta kifaa hicho kipo ila kimezimwa, na fundi anaweza kukiwasha kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta. Hiyo ni kazi ya dakika chache, si leseni.

Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye kompyuta isiyokidhi masharti, na baadhi ya mafundi huzitumia. Mlaji ajue matokeo yake: Microsoft haitoi hakikisho kwamba kompyuta ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Yaani mlaji analipa ili aepuke kukosa masasisho, kisha anaweza kuyakosa vilevile.

Kubaki ulipo kuna hatari gani?

Baadhi ya wauzaji husema kwamba Windows 10 “imefungwa” na kwamba kompyuta itazima. Si kweli. Kompyuta yenye Windows 10 inaendelea kuwaka, kuchapa na kufungua mafaili. Kilichokoma ni ukarabati wa bure wa mianya ya usalama inayogunduliwa kila mara.

Hata hivyo hatari yenyewe si ya kupuuzwa. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Nchini Uingereza taasisi 81 kati ya 236 za huduma za afya za umma katika England ziliathirika. Sasisho la kuziba mwanya kilioutumia lilikuwa limetolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Walioumia zaidi ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimelipokea.

Steshenari yetu ya Ikonda si hospitali, lakini kompyuta yake hupitiwa na nakala za vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa na barua za rufaa za watu walio katika shida. Flashi za wateja huingia na kutoka siku nzima. Kwa hiyo mwenye duka ana sababu ya kweli ya kutafuta masasisho. Swali ni njia ipi inayompatia.

Leseni ni ya aina gani?

Leseni za Windows hupatikana kwa namna kuu tatu, na bei pekee haikuonyeshi tofauti.

Ipo leseni inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, inayojulikana kwa herufi OEM. Hii imefungwa na kompyuta ile ya kwanza. Haihamishwi kwenda nyingine. Ipo leseni ya rejareja, ambayo mlaji huinunua peke yake na anaweza kuihamishia kwenye kompyuta nyingine akiiondoa kwenye ya zamani. Na ipo leseni ya jumla, inayotolewa kwa taasisi kwa ajili ya kompyuta zake. Hii ya tatu haikukusudiwa kuuzwa kwa mtu mmoja mmoja mtaani.

Leseni ya jumla ina tabia ambayo mlaji anapaswa kuijua. Katika mfumo wake mmoja unaotumika sana, kompyuta hutakiwa kuthibitishwa upya na seva ya taasisi angalau mara moja kila siku 180. Leseni ya namna hiyo inapoamilishwa, au “kuaktivetiwa” kama mafundi wanavyosema, kwa njia ya ujanja, kompyuta inaweza kuonekana nzuri siku ya kununua, kisha baada ya miezi kadhaa ujumbe wa kudai leseni ukarejea. Wakati huo muuzaji aliyeahidi “kudumu” anaweza kuwa amebadili namba ya simu.

Kabla hujaondoka dukani, fanya ukaguzi huu. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /xpr kisha bonyeza Enter. Kisanduku kitakachotokea kitaeleza kama leseni ni ya kudumu, au kitataja tarehe ya kuisha. Ukiona tarehe, ahadi ya kudumu haikutimizwa. Rudia kwa kuandika slmgr /dli. Ndani ya maelezo utaona neno OEM, RETAIL au VOLUME. Neno VOLUME kwenye kompyuta ya mtu binafsi ni sababu ya kudai maelezo. Ukaguzi huu haubaini kila udanganyifu, lakini unaubaini ule wa kawaida.

Ishara nyingine ni hii: fundi akizima kinga ya virusi ili “leseni ikubali”, msimamishe. Leseni halali haihitaji kinga izimwe. Programu za kughushi uamilishaji ndizo zinazohitaji hivyo, na mlaji hana namna ya kujua zimeingiza nini kingine kwenye kompyuta yake.

Punguzo la haki lina sura gani?

Mwezi Oktoba 2012, Microsoft ilipotoa Windows 8, ilitangaza kwamba mwenye Windows ya zamani iliyo halali angeweza kupandisha kompyuta yake hadi Windows 8 Pro kwa dola 39.99 za Marekani, na kwamba bei hiyo ingekoma tarehe 31 Januari 2013. Baada ya tarehe hiyo bei ya kupandisha hadi Pro ikawa dola 199.99. Hilo lilikuwa punguzo la kweli: lilitangazwa na mwenye bidhaa mwenyewe, bei ya kawaida ilijulikana, tarehe ya mwisho iliheshimiwa, na masharti ya nani anastahili yaliwekwa wazi.

Hata hivyo historia hiyohiyo inafundisha subira. Oktoba 2013 walionunua Windows 8 walipewa Windows 8.1 bila malipo. Julai 2015 wenye Windows 7 na Windows 8.1 walipewa nafasi ya kupanda hadi Windows 10 bila malipo kwa mwaka mmoja. Aliyenunua mwaka 2012 kwa sababu alihitaji toleo lile kwa kazi yake alipata thamani ya fedha zake. Aliyenunua kwa hofu ya tarehe peke yake alilipia kitu ambacho wenye Windows 7 waliokaa kimya walikuja kukiruka, wakapewa kilichofuata bure.

Basi lipime tangazo lolote kwa maswali manne. Nani ametangaza: mwenye bidhaa au mtu wa kati? Bei “ya awali” iliwahi kutozwa wapi? Tarehe ya mwisho ni tarehe kweli, au ni “wiki hii tu” inayojirudia kila wiki? Na baada ya kununua, unabaki na nini mkononi kinachothibitisha kwamba leseni ni yako?

Hesabu ya mlaji wetu

Turudi kwenye Sh. 40,000 za Makambako. Mwenye steshenari ana njia nne za kupima.

Kwanza, akague kompyuta yake kwa PC Health Check. Ikifaa, na Windows 10 yake ikiwa na leseni halali, anapanda bila kulipia leseni. Fundi wa karibu anatosha.

Pili, ikiwa haifai, Microsoft imeweka mpango wa kurefusha masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta iwe na Windows 10 toleo la 22H2 na mwenye nayo awe na akaunti ya Microsoft. Anaweza kujiunga bila malipo kwa kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, au kwa kulipa dola 30 mara moja. Kwa mfano wa dola moja kwa Sh. 2,500, hiyo ni Sh. 75,000. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko Sh. 40,000, lakini leseni ya ujanja ikidai kurudiwa baada ya miezi sita, mlaji atakuwa amelipa Sh. 80,000 kwa mwaka, ukiacha nauli mbili za kwenda na kurudi na siku mbili za duka kufungwa.

Tatu, kompyuta ya zamani inaweza kutumia mfumo endeshi usio na malipo, kama vile Ubuntu. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la lugha za kusini mwa Afrika lenye maana ya utu. Hutolewa bure na kupata masasisho bure. Lakini ujaribiwe kwanza kwa flashi bila kufuta chochote: printa na skana ya duka zifanye kazi, na mafaili ya wateja yafunguke vizuri. Printa isipokubali, njia hii haimfai, hata kama ni ya bure.

Nne, asubiri na kuweka akiba kwa ajili ya kompyuta nyingine ya mtumba inayokidhi masharti ya Windows 11. Sh. 40,000 zilizobaki mfukoni ni mwanzo wa akiba hiyo.

Kwa mlaji huyu, tangazo la Makambako halishindi hata moja kati ya njia hizi. Lingeweza kushinda kwa mlaji mwingine: mwenye kompyuta inayofaa lakini isiyo na leseni yoyote, anayeuziwa leseni ya rejareja iliyothibitishwa, yenye risiti. Naye ashangae kidogo, kwa kuwa bei ya Microsoft nchini Marekani kwa Windows 11 Home ni dola 139. Leseni halali inaweza kuuzwa kwa punguzo, lakini punguzo linaloacha sehemu ndogo tu ya bei linahitaji maelezo.

Ukiamua kununua

Nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje kabla ya kumkabidhi fundi kompyuta, na uondoe nakala za vitambulisho vya wateja ambazo huzihitaji tena. Taarifa hizo ni za watu wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda.

Dai risiti inayotaja jina la duka, tarehe, toleo (Home au Pro), aina ya leseni, na bei ya leseni ikiwa imetenganishwa na ya ufundi. Hifadhi tangazo lenyewe. Kama lilikuja kwa simu, lipige picha ya skrini. Andika muda wa dhamana aliokuahidi muuzaji, naye aweke sahihi.

Ukidanganywa, mrudie kwanza muuzaji ukiwa na risiti na picha ya kisanduku cha ukaguzi. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwa maandishi Tume ya Ushindani, ukiambatisha vielelezo hivyo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, ikiwemo kwa maelezo ya uongo kuhusu bei au sifa za anachouza. Programu za kompyuta zinalindwa pia na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba ukilalamika kuhusu leseni bandia uliyouziwa kama halali, wewe ndiye mkosaji. Uliyelipa kwa nia njema na kuhifadhi risiti una la kuonyesha.

Tunamshauri kila mlaji akumbuke mpangilio huu wa maswali: kompyuta yangu inafaa? Toleo hili lina bei kwangu? Leseni ni ya nani na ni ya muda gani? Punguzo liulizwe la mwisho. Majibu ya matatu ya kwanza yakiwa mazuri, nunua kwa amani. Yakiwa mabaya, hakuna punguzo litakaloyarekebisha.